Programu ipi inafaa kusafisha picha za zamani za familia?

Swali: Ninaishi Mafinga. Wazee wamenikabidhi bahasha ya picha za babu na bibi, nyingi nyeusi na nyeupe za miaka ya 1960, na chache za rangi za miaka ya 1980. Baadhi zina mikunjo na madoa ya unyevu, na moja imegandamana na kioo cha fremu. Nina laptopu ya Windows 10 yenye RAM ya GB 4. Je, nilipie Photoshop, au programu za simu zinazong'arisha sura zinatosha?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa kazi hiyo na kwa kompyuta hiyo, ningekushauri utumie GIMP. Photoshop ni programu yenye uwezo mkubwa zaidi, sitalificha hilo, lakini siku hizi haiuzwi bali hulipiwa kwa kipindi, na mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi una ada ukiuvunja mapema. Zaidi ya hayo, matoleo yake mapya yanataka RAM isiyopungua GB 8, kwa hiyo ungelipia kitu ambacho laptopu yako haikiwezi. GIMP ni ya bure, ipo tangu miaka ya 1990, na toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 linakubali Windows 10. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe tu, mara moja, ukiwa na bando la kutosha. Ukishindwa kuizoea, jaribu Photopea, ambayo hufunguka ndani ya kivinjari na kuifanyia kazi picha kwenye kompyuta yako bila kuipeleka kwingine, ingawa utavumilia matangazo pembeni.

Kuhusu programu za simu, nina wasiwasi ambao wateja wengi hawaufikirii mpaka waonyeshwe. Programu inayotumia akili unde haisafishi uso uliofifia. Inachora uso mwingine unaoelekea kufanana nao, kwa kufuata nyuso nyingi ilizofunzwa nazo. Nimewahi kuletewa picha ya bibi mwenye chale mbili juu ya nyusi, na programu ilikuwa imezifuta ikidhani ni mikwaruzo, ikaziba mwanya wa meno na kuing'arisha ngozi. Wajukuu waliifurahia, lakini dada yake aliuliza huyo ni nani. Kwa ukuta wa nyuma, nguo au anga, itumie ukitaka. Kwa uso, uamuzi uwe wako.

Hata hivyo, programu yoyote utakayochagua itategemea ubora wa picha utakayoiingiza. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, na zile ndogo za pasipoti kwa 1200, kisha uhifadhi kama TIFF badala ya JPEG, kwa sababu JPEG hupoteza taarifa kila inapohifadhiwa upya. Picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa pikseli 2400 kwa 3600, kiasi ambacho laptopu yako itakimudu. Steshenari nyingi huskani kwa nukta 200 au 300, maana zimezoea vyeti na fomu, hivyo taja kiwango unachotaka kabla hawajaanza.

Picha nyeusi na nyeupe nazo uziskani kwa rangi. Doa la unyevu, ambalo kwa hali ya hewa yetu ya nyanda za juu ni la kawaida mno, huwa la manjano au kahawia, na doa la rangi hiyo huonekana jeusi kwenye mkondo wa bluu (yaani sehemu ya picha inayobeba rangi ya bluu peke yake) huku likikaribia kutoweka kwenye mkondo wa nyekundu. Katika GIMP, igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa kuchukua nyekundu peke yake, ukiweka kijani na bluu kwenye sifuri. Mara nyingi nusu ya kazi inakuwa imekwisha kabla hujashika brashi.

Mikunjo iliyobaki iondoe kwenye tabaka jipya, yaani nakala ya picha iliyowekwa juu ya ile ya asili, usiguse tabaka la asili, ukitumia kifaa chenye alama ya plasta, ambacho huoanisha rekebisho na mwanga wa sehemu inayolizunguka. Kinachosumbua ni mipaka: mkunjo ukipita kati ya kola nyeupe na koti jeusi, kifaa hicho hupaka weusi juu ya weupe, na hapo badili utumie kile chenye alama ya muhuri, ambacho hunakili bila kuchanganya.

Picha za rangi zilizogeuka nyekundu kwa kawaida zimepoteza rangi ya samawati (cyan) iliyomo kwenye karatasi. Rekebisha kila mkondo peke yake, na uishie pale ngozi inapoonekana ya mtu.

Ile iliyogandamana na kioo usiibandue kabisa, kwa sababu tabaka lenye sura ndilo litakalobaki kwenye kioo. Iskani pamoja na kioo chake baada ya kukifuta kwa kitambaa kikavu, au uipige kwa kamera kando ya dirisha, mwanga ukitokea ubavuni.

Ukimaliza, hifadhi faili la XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, lenye matabaka yote, na nakala ya JPEG kwa ajili ya ndugu. Kwenye WhatsApp itume kama faili la hati, kwani ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa na kupungua ubora.