Tani 11 zilitoka kwa mkataba
Unasema mazungumzo hayajawahi kupunguza hata kilo moja ya urani ya Iran, na kwamba dawa ni mabomu kama pale Osirak? Yalipunguza, mukubwa, tena tani kwa tani. Mkataba wa Vienna wa Julai 2015, kati ya Iran na mataifa makubwa, Marekani ikiwemo, uliibakizia Iran kilo 300 tu za urani iliyorutubishwa (iliyoongezewa nguvu; ya bomu hufika karibu asilimia 90), isiyozidi asilimia 3.67; Desemba mwaka huohuo meli iliondoka na zaidi ya tani 11 kwenda Urusi. Pale Arak, nchini Iran, waling'oa kiini cha kinu cha nyuklia na kukijaza zege. Yote yamo kwenye ripoti za wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, ambao hawakuacha kusema masharti yanafuatwa hadi Marekani ilipojitoa Mei 2018. Aprili 2021 Iran ikaanza kurutubisha hadi asilimia 60.

Osirak unayoitolea mfano? Israel ilikipiga kinu kile cha nyuklia cha Iraq 1981, rais wao Saddam akaendelea kwa siri kutafuta bomu, na ukubwa wa kazi yake ukajulikana wakaguzi walipoingia baada ya vita vya 1991.

Kweli, vipengele vingine vya 2015 vilikuwa na tarehe ya kuisha, na hapo wapinzani walikuwa na hoja. Ila sisi wa Lubumbashi, wenye mgodi wa Shinkolobwe hapo karibu na Likasi, mgodi uliotoa urani nyingi ya bomu la Hiroshima, tusidanganyane kwamba mazungumzo hayajawahi kuondoa hata kilo moja.