Kaseti za babu zimeota ukungu

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu yetu alikuwa msomaji wa kasida hapa Pangani. Ametuachia boksi la kaseti za maulidi za miaka ya 1980, nyingine zina ukungu mweupe. Kijana wa duka la simu anasema atazigeuza zote kuwa MP3 kwa siku moja. Nimpe?
Mjukuu, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe. Kaseti ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja; huyo sijui anakimbilia wapi.

Zenye ukungu zitenge. Ukicheza moja tu, uchafu wake unabaki kwenye kichwa cha redio, kile kinachogusa utepe na kuusoma, na kuhamia zinazofuata. Zikaushe kivulini, penye hewa kavu. Usizianike juani, na tafadhali usizifukie kwenye mchele kama simu iliyoanguka chooni. Zikikauka, futa kwa brashi laini, ukiwa nje na umevaa barakoa. Kisha vunja vile vijino viwili vya mgongoni, asije mtoto akabonyeza cha kurekodia.

Sasa kazi yenyewe. Studio za redio tulitumia utepe wa milimita 6 na robo, ukienda sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Utepe wa kaseti haufiki milimita 4, na unatambaa chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kila kitu kimebanana humo, kwa hiyo kichwa kikiinama kidogo tu, matari yanapoteza mlio na maneno ya babu yanafifia. Pembeni mwa kichwa pana skrubu ndogo. Kaseti ikicheza, zungusha skrubu hiyo polepole mpaka "s" na "sh" zitoke kali. Rudia kwa kila kaseti, maana hazikurekodiwa na redio moja. Hapa ndipo wenye haraka wanaporuka.

Hifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa kama MP3, kwa kipimo cha kilohezi 48, biti 24. Kaseti ya dakika 60 itakula kama gigabaiti 1. MP3 utatengeneza baadaye, ya kutumiana WhatsApp. Weka nakala katika nyumba mbili, na kaseti zenyewe usitupe.

Bibi yupo? Au mzee yeyote aliyekuwa akihudhuria? Msikilizishe, akutajie anayeitikia ni nani na maulidi yalisomwa nyumba gani, uandike. Juu ya kaseti utakuta pameandikwa "Maulidi" basi. Kama huyo mzee ni mgonjwa, anza naye hata kwa kaseti moja iliyo safi. Zenye ukungu zitasubiri.