Mawakala wa programu: nani amwambie nani nini?

Mawakala wa programu ni programu za kompyuta zinazoamua na kufanya kazi zenyewe, kila moja na jukumu lake. Wakiwa watatu, waache wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Wakifika kumi, kila mmoja akiongea na kila mwenzake, una njia 45 za mawasiliano. Wakifika ishirini ni 190. Siku hizi wengi wao wanaendeshwa na modeli za lugha, yaani akili bandia inayosoma na kuandika maneno, na kila ujumbe unalipiwa. Ndiyo maana watu hukimbilia kuweka wakala mmoja awe msimamizi wa wengine wote. Si vibaya, njia zinapungua sana, ila msimamizi akizimika kazi yote imelala.

Mimi nashughulika na mfumo wa kusafirisha dagaa kutoka mwaloni Kirumba, Mwanza. Kuna wakala wa oda, kuna wa malipo, na kila gari lina wa kwake. Ushauri wangu: kabla ya kuchora ngazi za uongozi, jiulize nani anajua nini. Nafasi iliyobaki kwenye fuso anaijua wakala wa gari hilo peke yake, na inabadilika muda wote. Ukisubiri taarifa hizo zipande kwa msimamizi, atakuja kuamua zikiwa zimepitwa. Hapo tumia zabuni, utaratibu ambao mtafiti wa kompyuta Reid Smith aliuchapisha mwaka 1980.

Inakwenda hivi. Wakala wa oda anatangaza: magunia 40 ya dagaa wakavu, Kirumba hadi Shinyanga, yafike kabla ya saa moja asubuhi. Gari moja linataja bei, jingine linataja bei ya juu kidogo lakini linaondoka mapema, la tatu kimya. Kimya hicho ndicho kinachosumbua. Weka ukomo wa kusubiri, la sivyo tangazo linaning'inia hadi mteja apige simu. Na mshindi athibitishe tena kabla ya kukabidhiwa mzigo, maana huenda ameshinda zabuni mbili kwa nafasi ileile.

Malipo usiyaingize kwenye zabuni hata kidogo. Pesa inataka mwidhinishaji mmoja, daftari moja, na wakala wa kushika nafasi ya mwidhinishaji akizimika, anayesoma daftari hilohilo.

Vikundi vya muda vya mawakala wa magari vinafaa mzigo ukizidi gari moja: wanaungana, wakishusha wanaachana.

Ukiwa tayari una mfumo, subiri siku za mbalamwezi, dagaa wanapoadimika na oda kupungua, usome kumbukumbu za ujumbe. Utakuta wasimamizi wanaulizana hali tu usiku kucha. Jozi za mawakala zisizopeana taarifa yoyote ya kazi zikate; hakuna atakayelalamika.