Re: Mji kama Tabora unabebaje UMISSETA (michezo ya kitaifa ya shule za sekondari) bila hoteli za kutosha?
Mkuu umeuliza watoto wa mikoa yote 26 ya Bara watalala wapi, jibu ni madarasani na mabwenini kwenye shule za hapo mjini. Ndo maana mashindano mara nyingi yanapigwa Juni, shule zikiwa likizo, wanaanza wa shule za msingi, yao inaitwa UMITASHUMTA, wakimaliza wanaingia wa sekondari, kwahiyo kambi ni zilezile. Hoteli sio ishu kabisa.

Mimi nimeshapeleka timu kama mwalimu, na nakwambia kitu cha kuandaa mapema ni maji na vyoo, viwanja vinafuata. Kuna kituo tulifikia bomba moja linahudumia mabweni mawili, saa kumi alfajiri mabinti wa netiboli wamepanga ndoo foleni na baridi lile la Juni, na saa mbili wana mechi. Iliniuma sana aisee. Simtanki mbili tu zingemaliza ile shida.

Viwanja usiogope, uwanja wa Ali Hassan Mwinyi upo hapo Tabora kwa soka na riadha, vingine vinachongwa hukohuko mashuleni, wanavuta kamba wanamwaga chokaa, ila wasawazishe vizuri maana kokoto kwenye kiwanja cha mpira wa mikono zinachuna magoti ya watoto vibaya mno. Na mpira wa goli wa wasioona wautafutie ukumbi wenye utulivu, wale wanacheza kwa kusikia kengele ndani ya mpira, bodaboda zikipita nje wanapotea kabisa.

Kama una ndugu anapika huko mwambie awahi kuulizia tenda ya chakula.