Nilifeli Somo la Mimea Mara Mbili: Haya Ndiyo Yaliyonivusha

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amekariri hatua zote za mgawanyiko wa seli, lakini akiulizwa mti hupata wapi uzito wake, hana la kuandika. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, kwa kuwa nilikuwa vivyo hivyo. Nilifeli somo hilo mara mbili, na mara ya pili mwalimu alisoma kwa sauti jibu langu kwamba mmea hula udongo, darasa zima likacheka. Leo nafundisha somo hilohilo, na kicheko kile bado kinaniuma.

Kilichonifungua macho ni jaribio la Jan Baptist van Helmont, tabibu na mkemia wa zamani, lililochapishwa mwaka 1648, yeye akiwa amekwisha kufariki. Alipanda mche wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafikia ratili 169, ilhali udongo ulipungua aunsi 2 hivi, yaani chini ya robo ya ratili. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, na hapo alikosea, kwa sababu kaboni iliyojenga ubao ule ilitoka hewani. Nilipotambua kwamba hata mpimaji makini kiasi hicho alipitwa na jambo hilo, aibu yangu ilipungua, nikaanza upya kwa swali moja tu: kaboni inakwenda wapi?

Ndani ya kloroplasti, yaani vijumba vya kijani vilivyomo katika seli za jani, nishati ya mwanga huvunja maji, oksijeni ikatoka, na nishati iliyonaswa ikatumika kuunganisha kabonidioksidi kuwa sukari. Sukari hiyo husafirishwa kupitia floemu, mirija inayopitisha chakula cha mmea, hadi kwenye ncha ya mzizi, mahali pasipofikiwa na mwanga, na huko mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazotoa nishati, huivunja kwa oksijeni, usiku na mchana, ili kuipatia seli nishati ya kugawanyika. (Huko ndiko kupumua kwa mmea, na mimi niliwahi kuandika kwamba hufanyika usiku tu.) Sehemu nyingine ya sukari hugeuzwa selulosi, nyuzi imara za kujengea kuta mpya za seli.

Basi, ndugu zangu mnaotaka kulimudu somo hili, acheni kukariri majina ya vitu ambavyo hamjaviona. Ombeni hadubini, mkae nayo, mchore kwa mikono yenu wenyewe. Mimi nilikaa alasiri nzima na ncha ya mzizi wa kitunguu iliyolainishwa kwa asidi na kutiwa rangi, nikaona kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, ambazo kila seli ya mzizi wa kitunguu ina 16, zikiwa zimejipanga katikati ya seli moja na zimekwisha kutengana katika nyingine. Nikaona pia kwamba seli ya mmea haibanwi kiunoni kama ya mnyama, bali ukuta mpya huanzia katikati na kuenea hadi pembeni. Nyuma kidogo ya hapo seli zilikuwa ndefu, zimejaa maji, na kurefuka huko ndiko kunakoisukuma ncha mbele zaidi kuliko mgawanyiko wenyewe.

Nawe uliyeniandikia, weka kitunguu juu ya glasi ya maji leo, kitako chake kikiyagusa, na mizizi ikichomoza baada ya siku chache, peleka ncha zake maabara. Ukiona ukuta uliojengwa nusu, kumbuka kwamba sukari yake ilitengenezwa na majani yaliyokauka zamani, ikahifadhiwa humo ndani ya kitunguu ikisubiri maji.