Kuanza taarabu baada ya kuachishwa kazi

Dada yangu, umeuliza kama ukiwa na miaka 45 unaweza kuanza kuimba taarabu kwa mtindo wako bila kuambiwa unaiharibu. Utaambiwa tu. Siti binti Saad, ambaye aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini Unguja, aliimba kwa Kiswahili taarabu iliyozoeleka kwa Kiarabu katika kasri la sultani, akaingiza habari za watu wa kawaida, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Waliomcheka sura aliwajibu kwa wimbo. Hata hivyo, alifunzwa kwanza na mafundi wa muziki. Kwa hiyo jiunge na kikundi, shika vina, mizani na mahadhi ya zamani, kisha anza kubadili maneno, ala baadaye.