Kwa aliyeuliza ego inauliwaje: mi yangu ipo hai, nakueleza ninavyoishi nayo

Mkuu, swali lako nimelisoma usiku nikaona nisijibu kwa simu, hili sio swali la mistari miwili. Kwa ambao hawakuliona: jamaa duka lake la spea limekufa, mke kaondoka na watoto, usiku mmoja kajilaza sakafuni sebuleni amechoka kulia, ghafla hofu yote ikamtoka, akabaki na utulivu ambao anasema hajawahi kuuonja, yeye na ukuta na mbwa wanaobweka nje wote akawaona kitu kimoja. Ikadumu siku chache ikapotea. Sasa anauliza vitu vitatu, ile hali irudi vipi, ego (ule umimi, kujiona) inauliwaje, na je aache kibarua alichopata akafunge kavu, yaani bila chakula wala maji, mlimani wiki nzima.

Mi ni mtu wa Tanga, ila miaka mingi nilikuwa Dar mkuu wa manunuzi kwenye kampuni moja. Ambaye hajakalia kiti cha manunuzi hawezi kujua ego inavyonenepeshwa, wasambazaji wanakupigia Idi wanakupigia Krismasi, ukipata mafua pole zinaingia mpaka simu inakuwa ya moto, ukitoa kichekesho kibovu meza nzima inakufa kwa kucheka na wewe unaamini kabisa kwamba una vichekesho. Kampuni ikapunguza watu na mi nikiwemo. Simu ikanyamaza mwezi ule ule. Hapo hapo mama akapata kiharusi, upande wa kushoto wote ukalala, na kwa kuwa ndugu zangu wana kazi na mi sina, kikao cha familia hakikuchukua hata nusu saa, nikafunga virago nikarudi nyumbani kuuguza.

Kuuguza mgonjwa wa kiharusi nyumbani sio kukaa pembeni ya kitanda umeshika tasbihi. Unamgeuza kila baada ya masaa mawili usiku na mchana asipate vidonda vya mgongo, uji unamlisha akiwa amekaa wima kidevu kimeinama kidogo asipaliwe, nguo unaanza kuvalisha mkono ulioumwa kisha ule mzima, ukikosea unaushika ule mkono mbovu unauvuta na bega linachomoka. Na pampasi. Mtoto wa kiume kumbadilisha mama yake pampasi, kwetu hilo ni jambo zito, dada yangu alikuwa anakuja jioni lakini mchana ulikuwa wangu mimi na shangazi ambaye mwenyewe mgongo unamsumbua. Shangazi alikuwa anamsitiri mama kwa kanga nami natia mkono chini ya kanga bila kuangalia.

Sasa kiharusi kilimwacha mama na ulimi mzito ila ukali wake hakikuugusa. Siku moja namwosha miguu, maji ya vuguvugu, sabuni, kitambaa, kila kitu sawa, kichwani niko mbali sana, najitungia hotuba jinsi nitakavyomjibu yule meneja aliyenipigia simu kunipa barua. Mama akaniangalia, akavuta maneno moja moja: "Baba, unaniosha kama unaosha gari." Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Mi sikucheka. Nikawa nimeshika unyayo wake mkononi, kisigino kimepasuka, kuna kovu la siku nyingi pale kwenye kifundo ambalo sijawahi kuliuliza, na yule mtu aliyekuwa anatunga hotuba kichwani akanyamaza, kimya kabisa, hakuna meneja hakuna manunuzi, kuna mguu na maji. Sijui ilikaa muda gani. Nililia lakini sio kwa huzuni.

Kwahiyo mkuu ninaposema nakuelewa nakuelewa kweli, ile hali ipo, haujachanganyikiwa. Ila kwangu pia iliondoka. Na nikahangaika kuirudisha kama unavyohangaika, naosha miguu kwa makini kupita kiasi nasubiri kile kimya kije, hakiji, mama ananiambia maji yamepoa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa zawiya mtaani kwetu, yaani mahali wanapokutana Masufi, Waislamu wa njia ya kusafisha nafsi, ambako Alhamisi usiku huwa wanasoma uradi na zikri. Nilienda nikamsimulia nikitegemea ataniambia nimefika mahali pakubwa. Akanisikiliza akaniuliza mama anakula vizuri? Basi. Alafu akanipa stori ya Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu wa zamani, ambayo naileta hapa maana inajibu swali lako la kwanza kuliko chochote nitakachotunga mimi.

Ghazali kazaliwa 1058 kule Tus, Uajemi. Mwaka 1091 anapewa kiti cha ualimu kwenye madrasa ya Nidhamiya Baghdad, wakati huo hakuna kiti cha elimu kikubwa kupita hicho, anafundisha wanafunzi kama 300, mawaziri wanamsikiliza. Mwaka 1095 akajichunguza nia yake, akakuta hafundishi kwa ajili ya Mungu, anafundisha kwa ajili ya cheo na jina lake kuvuma. Akakaa karibu miezi sita anavutwa huku na huku, asubuhi anaamua kuondoka jioni anaghairi, mpaka ulimi ukafunga, anataka kufundisha hata siku moja tu kuwaridhisha wanafunzi na neno halitoki, chakula hakipiti, matabibu wakasema hili limeanzia moyoni hatuna dawa. Ndio akaondoka, akagawa mali yake akabakiza ya kuwatunza watoto (hapo naomba upaweke akilini nitaparudia), akaenda Damasko, akawa anapanda mnara wa msikiti anajifungia mlango kutwa, kisha Baitul Maqdis (Yerusalemu), kisha Hija.

Watu wengi wanaishia hapo kwenye mnara kwa sababu ndipo panaponoga. Mzee yeye alitaka nisikie kinachofuata. Ghazali anasema mwenyewe kwenye maelezo ya maisha yake kwamba hata katika miaka ile ya kujitenga, mambo ya familia na riziki yalikuwa yanamvuruga, na ile hali safi ilimjia vipindi vipindi tu, ila hakukata tamaa nayo. Ghazali huyo! Watoto wakamwita akarudi nyumbani. Na mwaka 1106 akarudi hata kufundisha, Nishapuri, mji mwingine wa Uajemi, anasema zamani nilifundisha elimu inayoleta cheo na sasa nafundisha elimu ya kukiacha cheo. Kafariki Tus 1111. Kwahiyo mkuu kama kwa mtu wa aina ile ilikuwa inakuja na kuondoka, mimi na wewe wa spea na manunuzi tunadai irudi kwa haki ipi?

Swali la pili, ego. Sisi watu wa pwani hili tunaliita nafsi na wazee walishalichambua zamani, kwenye Qurani yenyewe imetajwa kwa hali tatu, kuna nafsi inayoamrisha mabaya, kuna inayojilaumu, kuna iliyotulia. Sasa klipu za mitandaoni zinavyoelezea utadhani ni ngazi, unapanda ya kwanza unaiacha chini, unafika ya tatu unakaa. Kwa nilivyoishi mimi zote tatu zinaweza kupita ndani ya asubuhi moja kabla ya chai. Na ile ya kwanza sio kwamba inakuja na pombe na wanawake tu, inakuja imevaa kanzu.

Nakupa mfano. Pale zawiya kuna jamaa alikuwa analia kwenye zikri, machozi kweli kweli, akaja mwingine akawa analia kwa sauti, yule wa kwanza wiki iliyofuata akaongeza. Nikawa nimekaa katikati yao nawacheka moyoni, hawa bado wana ego, mi nimeshavuka. Umeona ilipokaa? Yaani inakula chochote, ukiinyima cheo inakula umaskini, ukiinyima sifa inakula unyenyekevu, inajisifu kwa jinsi isivyojisifu.

Hili nalo sio jipya. Nishapuri hiyo hiyo, karne ya 9, miaka mingi kabla ya Ghazali, kulikuwa na watu wakiitwa Malamatiya, jina limetokana na lawama, mmoja wa wakubwa wao ni Hamdun al-Qassar aliyefariki 884. Wao waliona hatari kubwa ya mchamungu ni kuonekana mchamungu, kwahiyo ibada za ziada wanaficha, hawavai mavazi ya kisufi, wanafanya kazi sokoni kama watu wengine, wakilaumiwa hawajitetei sana. Mi napenda sana hii njia kuliko kelele za siku hizi za mtu akikaa kimya nusu saa ashafungua chaneli. Ingawa nayo ukiikazania unaweza kujisifu kwa kulaumiwa, hakuna njia isiyo na mlango wa nyuma.

Karibu na kwetu yupo Habib Saleh wa Lamu, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha. Sharifu, mtu ambaye kwa mji ule wa wakati ule ukoo wake peke yake ulitosha kumweka juu, yeye akaenda kukaa na kusomesha watumwa na watoto wa watumwa, wakubwa wa mji wakachukia. Namtaja kwa sababu ego tunaifikiria kama kitu cha mtu binafsi kilichopo kichwani, wakati yetu kubwa ni ya pamoja, ukoo, kabila, shahada, dhehebu, Simba na Yanga. Unaweza kukaa kimya mlimani siku arobaini ukateremka bado unamdharau mlinzi.

Kuhusu mateso sasa. Sitakwambia mateso ni mwalimu maana nimeona mateso yakiwaharibu watu kabisa, nina binamu alifiwa akawa mchungu mpaka leo. Maumivu ya kukosa kazi yalikuwa yale yale kabla na baada ya lile tukio la mguu, kodi ni kodi. Kilichopungua ni ile kazi ya ziada niliyokuwa najipa, kurudia kesi kichwani, kujiona mimi ni mtu wa aina fulani ambaye haya hayakupaswa kumfika. Hiyo ndio naona inaachika, kidogo kidogo, na inaachika pale tu unapoikamata ikiwa kazini. Nikiikamata huwa sifanyi kitu cha ajabu, narudi kwenye kilichopo mkononi, kama ni bakuli ni bakuli. Mengine yote niliyoyajaribu, kufunga mfululizo, kukesha, kuangalia pumzi kama wanavyofundisha Wabudha, yote yamenisaidia kiasi, lakini hakuna lililonisaidia kama kuwa karibu na mtu anayeruhusiwa kuniambia ukweli. Mama alikuwa hajali kabisa kama nimeamka kiroho au nimelala, alikuwa anajali maji.

Tahadhari mbili maana nimeona komenti zingine kwenye uzi zinapotosha. Moja, kuna aliyesema vumilia kila kitu ndio ego ife. Hapana. Mtu anayepigwa nyumbani au kiongozi wa dini anayekwambia jishushe, leta mshahara wako wote, hizo sio njia za kiroho, huyo anakutaka ujishushe ili apande yeye. Mzee wangu hajawahi kuniomba hata nauli. Pili, wewe mwenyewe umeandika kwamba hulali vizuri wiki kadhaa na unasikia kama jina lako linaitwa. Hilo usilipeleke kwenye kuamka kiroho moja kwa moja, nenda hospitali ukaongee na daktari wa afya ya akili, kiroho na sonona vinaweza kukaa chumba kimoja na mtu akihudumia kimoja tu kingine kinamzamisha. Kwenda hospitali hakufuti kilichokutokea pale sebuleni.

Swali la tatu, uache kazi ukapande mlima. Rudi kwa Ghazali nilipokwambia upaweke akilini, aligawa mali lakini chakula cha watoto alikiacha. Wewe watoto wako wako kwa mama yao, matumizi yanatoka kwenye hicho kibarua. Ukiacha, watakaofunga ni wao. Baki kazini, na kama unataka zoezi gumu kuliko mlima, huyo bosi wako mpya unayesema ni kijana mdogo anakutuma chai, kamletee hiyo chai mwezi mzima bila kumsimulia mtu yeyote kwamba zamani ulikuwa na duka. Uone ndani kunavyochemka, hapo ndio utaiona nafsi uso kwa uso bila kulipa nauli ya kwenda popote.

Na kufunga kavu wiki nzima usifanye, hiyo hata sio ya kujadili, bila maji siku saba kwa joto letu hili unakufa. Ukitaka kufunga funga Jumatatu na Alhamisi, jioni ule futari kama watu, na kwa kuwa umesema una vidonda vya tumbo hata hizo mbili muulize daktari huyo huyo ukienda.